Proscovia Kisakye, Mama Karate wa Custom

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Proscovia Kisakye, muuza nyanya wa soko la Custom, hapa Juba. Ametutoka Jumapili iliyopita, chumbani kwake mtaa wa Lemon Gaba, kwa malaria. Alikuwa na miaka arobaini na tatu. Wengi wenu mlimwita Mama Karate. Jina hilo mwenyewe hakulipenda, na nitawaambia lilimpataje.

Proscovia alikuja Juba kutoka Uganda miaka tisa iliyopita. Hapa hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na meza yake ya nyanya, na sauti ya kuita wateja iliyofika mpaka kwa vijana wa bodaboda. Jioni moja akirudi nyumbani, watu wawili walimvuta mkoba. Hakuuachia. Wakamburuta kwenye kokoto mpaka magoti yakachunika. Watu walikuwepo, wakatazama tu. Tangu siku hiyo alifunga meza saa tisa ili awe ndani kabla ya giza. Woga ulimshika, jamani, tena woga wa kweli.

Ndipo akasikia kuna darasa la jujutsu kwenye ukumbi wa kanisa. Jujutsu ni sanaa ya zamani ya Kijapani ya kujikinga. Ngumi si nyingi. Unashika, unapinda, unaangusha. Mwalimu ni Chan, mwana wa hapa hapa Sudan Kusini aliyelelewa Nakuru. Mwezi mzima aliwafundisha kuanguka tu. Proscovia akachoka.

"Mwalimu, mimi nakuja kujifunza kuangusha watu. Sasa mbona ni mimi iko naanguka?"

Chan akacheka, akamwambia aanguke tena.

Sasa, darasa lile lina sheria moja. Ukipindwa mkono ukaumia, unagonga mkeka mara mbili, na mwenzako anakuachia papo hapo. Proscovia alikuwa hagongi. Mkono unapindwa, machozi yanamlengalenga, kimya. Siku moja kiwiko kikavimba, Chan akakasirika.

"Mama, kwani unataka nikuvunje?"

Jibu alilopewa, Chan anasema, halijamtoka kichwani mpaka leo.

"Mwalimu, nikigonga mnaniachia. Tangu nikuje Juba, nani mwingine iko nanishika mkono?"

Wasikilizaji wapendwa, mnaikumbuka ile asubuhi ya mwaka jana. Jibaba moja lilimkaba Proscovia mezani kwake, likidai simu. Kufumba na kufumbua, bwana yuko chini kati ya nyanya, mkono uko mgongoni, anaomba msamaha. Proscovia hakumpiga hata kofi. Alimwachia, akamwamuru aokote nyanya. Soko lilisimulia wiki nzima. Ndipo akawa Mama Karate. Alieleza mara ngapi kwamba si karate, ni jujutsu? Nani alimsikiliza?

Woga ulimwisha. Alianza kufunga meza saa moja jioni kama wenzake, akirudi nyumbani kwa miguu, kichwa juu. Lakini na sisi tulibadilika. Wateja walipokea chenji kwa ncha za vidole. "Usinivunje, mama." Akikaa kwenye benchi la chai, waliokaa walisogea. Ulikuwa utani, najua. Hata mimi nilimtania hivyo hivyo, nikanunua nyanya zangu, nikaenda. Alicheka na sisi, halafu akarudi kwenye chumba chake peke yake. Naona aibu kulisema hili redioni, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jirani yake ni Nyachuol. Wanatenganishwa na ukuta mmoja wa mabati. Nilimkuta juzi amekaa mlangoni, hataki kuingia ndani.

"Ijumaa nilisikia anatapika," aliniambia. "Jumamosi pia. Nilipika uji, nikaubeba mpaka mlangoni kwake. Nikarudi nao. Nikasema, huyu ni mwanamke alimwangusha mwanaume sokoni, homa itamfanya nini? Kalas, basi, nikaenda kulala."

Jumapili mchana ndipo mlango ulipovunjwa.

Mdogo wake, Semei, amesafiri kutoka Masaka, Uganda, kuja kumchukua akazikwe kwao. Ni kijana mpole, ana sauti kama ya dada yake. Pale msibani alisimama, akashukuru kila mtu, kisha akauliza: "Rafiki yake wa hapa ni nani, jamani? Mama yetu ameniambia nimsalimie kwa mkono." Tulikuwa watu zaidi ya mia. Tulitazamana.

Semei, poleni sana, wewe na mama yenu na ukoo wote. Proscovia Kisakye, muuza nyanya wa Custom, miaka arobaini na tatu, Mungu ampumzishe. Sisi wa Juba tunawaomba mtusamehe.

Na wewe unayenisikiliza, unaye jirani mmoja ambaye huna wasiwasi naye hata kidogo, kwa sababu unajua ana nguvu. Redio hii izime. Nenda ukabishe hodi kwake. Akikwambia yuko sawa, kaa naye kidogo hata hivyo.