Mpangaji wa Mama Salome

Kijiwe chetu cha Tinde kiko mkabala na duka la vipuri la Nadeem, kwenye benchi ambalo mguu wake mmoja ni jiwe. Kahawa anauza Sikujua, na hilo ndilo jina lake la ubatizo, si utani. Wengine wana majina ya kijiweni. Stanslaus ni Antena, kwa kuwa televisheni tunaitazama kwake. Mayala ni Jaji, ingawa mahakamani alikwenda mara moja tu, tena kama mshtakiwa. Luka ni Kamanda, kwa sababu ya filimbi ya sungusungu, walinzi wetu wa jadi, inayoning'inia shingoni mwake. Asubuhi ile hakuna aliyekuwa amelala vizuri. Jana yake tamthilia ya Deusi, mtuhumiwa wa mauaji anayesakwa, kisa ambacho wanasema ni cha kweli, ilimalizika kwa sauti ileile nzito: "Huenda yuko karibu nawe."

— Yuko karibu, alisema Antena. Yuko kwa Mama Salome, chumba cha uani.

— Yule mpangaji aliyetoka machimbo ya Mwakitolyo? akauliza Luka.

— Huyohuyo. Kutwa kajifunga kitambaa usoni. Deusi naye si alijifunga?

— Wachimbaji wanajikinga vumbi, nikasema.

— Vumbi la machimboni, mzee wangu. Huku Tinde anajikinga nini?

Jaji akapuliza kahawa yake.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana miezi. Sheria inasema apewe pingu.

— Sheria ipi hiyo, Jaji?

— Ya wahenga!

— Na usiku anakohoa, akadakia Luka. Anakohoa, ananyamaza, anakohoa tena. Ile ni ishara. Anaongea na genge lake, kuanzia hapa mpaka Bulyanhulu.

— Kikohozi kifike Bulyanhulu? akacheka Sikujua. Basi kampuni za simu zifunge.

— Cheka tu, dada, akasema Luka. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyo atakuwa anakunywa kahawa yako!

— Mimi naona hata si Deusi, akasema Jaji, sauti akiishusha. Ndiye aliyemfundisha Deusi.

— Deusi tunayemwona ni mwigizaji, baba! akasema Sikujua.

— Na mwigizaji kajifunza kwa nani?

Hilo likawatisha wote, hata aliyelisema. Antena akainuka, kikombe akakiacha nusu.

— Ngoja nikamnong'oneze katibu wa sungusungu pale stendi.

— Stanslaus, keti, nikamwambia.

— Haraka haraka haina baraka, mzee. Ndiyo maana nawahi.

Akavuka barabara. Sikupenda. Kwetu filimbi haiulizwi, inaitikiwa. Anayeisikia huipuliza yake, huchukua fimbo na kutoka. Maswali huja baadaye, na baadaye mara nyingine huwa msibani.

Basi la Kahama likasimama, akashuka mwanamke kijana mwenye kikapu. Akaja moja kwa moja kwetu.

— Shikamoo, babu.

— Marahaba, ng'wanawane, mwanangu.

— Naulizia kwa Mama Salome.

Benchi zima likamgeukia.

— Una nini naye? akauliza Jaji.

— Yeye sina neno naye. Namtafuta mpangaji wake, Adam. Ni kaka yangu. Mimi naitwa Mariana. Vumbi la mawe limemharibu kifua, hata upepo wa barabarani daktari kamkataza. Nimemletea dawa.

— Ndiye anayejifunga kitambaa? akauliza Luka, polepole.

— Ndiye.

Jaji si mtu wa kushindwa kesi.

— Binti, pole. Lisemwalo lipo. Kaka yako ni muuaji.

Mariana akakitua kikapu chini. Hakulia, hakufoka.

— Amemuua nani?

Jaji akamgeukia Luka.

— Si yule mwanamke wa nyumba ya bluu?

— Huyo ni wa kwenye televisheni, akasema Sikujua.

— Hapa Tinde, baba zangu, akasema Mariana. Amemuua nani?

Mimi nikawapitia moyoni, jina kwa jina, wote tuliowazika mwaka huu: malaria, uzazi, pikipiki, uzee. Hakukuwa na mwingine.

Filimbi ikalia upande wa stendi.

Ya pili ikaitika sokoni. Mkono wa Luka ukapanda wenyewe na filimbi hadi mdomoni. Nikaushika kwa mikono yangu yote miwili.

— Babu, niache. Nisipoitika watanitenga.

— Wakutenge, Luka.

Sikujua alikuwa ameshamshika Mariana mkono, wanakimbia, birika limepinduka na kahawa yote inanywewa na mchanga. Tulimsikia Mariana kabla ya kuwafuata:

— Adam! Adam, usifungue! Ni mimi, usimfungulie mtu!

Filimbi ya tatu ikalia nyuma ya nyumba ya Mama Salome. Hiyo ilikuwa karibu na Adam kuliko wao.