Maharage ya Stanka

Asubuhi hiyo baridi ilikuwa ya kung'ata masikio, theluji imefika magotini, lakini benchi la mbele ya duka la kijiji cha Smilyan, milimani Bulgaria, lilikuwa limejaa kama kawaida. Kila mtu alishika kikombe chake cha kahawa kwa mikono miwili. Metodi alifika wa mwisho, macho mekundu. Tangu alfajiri alikuwa akichemsha maharage, na bado yalikuwa magumu kama kokoto. Basi la saa saba lingemleta binti yake, Zornitsa, kutoka Ujerumani, kwa mara ya kwanza tangu wamzike mama yake. Kwenye simu alikuwa ameomba kitu kimoja tu: supu ya maharage, ile ya mama.

— Uliyaloweka? — aliuliza Profesa, mwalimu mstaafu wa jiografia.

— Usiku kucha.

— Basi kosa ni maji. Maji ya bomba yana chokaa. Yeyusha theluji!

— Theluji gani, wewe! — alidakia Mkaa, muuza makaa. — Kosa ni jiko la umeme. Maharage yanajua moto wa kuni. Ukiyawekea umeme, yananuna.

— Yananuna?

— Yananuna kabisa! Yana roho kama watu.

Kapteni, ambaye maisha yake yote aliendesha basi na bahari hajaiona, alikohoa kwanza.

— Wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Upwa na maharage wapi na wapi, bwana?

— Upwani kuna maji, kwenye supu kuna maji. Unataka nini tena? Sikilizeni: mwezi unapungua. Mwezi ukipungua, hakuna kinacholainika. Hata mama mkwe wangu.

Walicheka. Metodi hakucheka.

— Jamani, saa nne hii. Nimeweka kitunguu, karoti, nyanya, nanaa, vyote. Mtoto akionja atajua si ya mama yake.

— Mwambie mapishi yamebadilika huko duniani, — alisema Mkaa.

— Anatoka huko huko duniani!

Ndipo akafika Ralitsa, tarishi mpya, hana hata mwezi pale kijijini. Alimpa Profesa barua yake, akasimama kupasha vidole moto huku akisikiliza.

— Samahani, baba, — alimwambia Metodi. — Mama alikuwa anatia nyanya mwanzoni au mwishoni?

Metodi alivuta kumbukumbu. Alimwona marehemu mkewe, Stanka, mbele ya jiko, mgongo wake, aproni yake ya bluu. Mikono hakuiona. Miaka arobaini na miwili, na alichokijua ni bakuli likishafika mezani.

— Sijui, binti yangu.

— Na wake zenu ninyi?

Profesa alisoma bahasha yake upya. Mkaa alichungulia ndani ya kikombe. Hata wahenga wa Kapteni waliishiwa.

Metodi aliinuka, akaacha kahawa yake nusu.

— Kapteni, shemeji yupo nyumbani?

— Yupo jikoni.

— Naenda kumwuliza. Na leo nitasimama pale pale nimwangalie.

Alikuwa ameshavuka barabara aliposikia viatu vikikanyaga theluji nyuma yake.

— Ningoje, — alisema Kapteni. — Twende wote.