Mfuko wa Mbegu Juu ya Sufuria

Akina mama, haya nimeyasikia leo kwenye Hiace ya kutoka Rulenge. Dada mmoja alikuwa anajisifu kwa mama mtu mzima aliyekaa naye: “Maharage nayafunika kwa mfuko wa plastiki, ndipo naweka mfuniko. Kuni mbili zinatosha, na mfuko hautupwi.”

“Mfuko gani, mwanangu?”

“Uliokuwa na mbegu ya mahindi. Ule mgumu.”

“Yenye dawa nyekundu? Wewe! Hata kuku tunawafukuza wasiidonoe!”

“Nauosha na majivu, mama. Mwezi wa pili huu, watoto wako wazima.”

“Umewachungulia tumboni?”

Tulipofika Nyantakara, dada akashuka, bado anabisha. Mimi nami mfuko kama huo niliuanika jikoni, na mchana huu wanangu wanapika wenyewe.