Daktari Mwenye Gunia la Muthokoi

Gari lilipotoka Katangi, Syombua aliisoma kadi ya harambee aliyopewa na kijana wa kiti cha pili, kisha akalitazama gunia la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, miguuni pa kijana huyo. "Unasomea udaktari na unabeba muthokoi?"

"Ndiyo chakula changu hosteli, mwaitu. Mkopo wa serikali unaishia kwa karo."

Syombua akaguna. Mwaka jana walimchangia mwingine kanisani, akaja na koti jeupe mpaka madhabahuni. Kumbe chuo chenyewe hakimjui! Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Haya, daktari, goti hili linaniuma kila asubuhi. Ni ugonjwa gani?"

Kijana akaliangalia, akakuna kichwa. "Sijui, mama. Niko mwaka wa pili tu. Enda hospitali walipime."

"Hujui!" Syombua akacheka kwa dharau, lakini kicheko kikamfia mdomoni. Yule wa koti jeupe alimtajia ugonjwa kabla hajamaliza kukunja goti, tena akamuuzia na dawa.

Gari likasimama Machakos. Syombua akashuka akiigeuzageuza kadi, akitafuta muhuri wa parokia. Mkoba hakuufungua. Kadi pia hakuirudisha.