Samaki wa Manjano Aliyegoma Kula

Kijiwe chetu kiko Bomani, Tarime, ubavuni mwa duka la vifaa vya umeme: benchi moja refu, ndoo mbili za rangi zilizopinduliwa, na birika la Tomaso muuza kahawa. Mimi wananiita Visa, maana nimeendesha malori hadi Lubumbashi na Juba, na kwa safari zote hizo sikuleta nyumbani kitu cha maana ila tangi la kioo refu kama kitanda, na samaki wa rangi wasioliwa. Kochi limetoka sebuleni, samaki wameingia. Umeme ukikatika, majirani wanatafuta mshumaa. Mimi natafuta pampu ya baiskeli niwapulizie hewa. Asubuhi hiyo nilifika na ndoo yenye mfuniko, roho juu. Ndani alikuwamo jike wangu wa manjano, asili yake ziwa la Malawi, ninayempenda kuliko wote. Wiki ya pili alikuwa hajagusa chakula, na kidevu kimemvimba.

— Jamani, nina mgonjwa.

Opondo wa Shirati, ambaye tunamwita Karai, akafunua ndoo, akanusa.

— Omera, huyu anahitaji nyanya na kitunguu tu.

— Karai, nimesema mgonjwa!

— Mgonjwa gani? Huyu ni furu kama wale wa ziwani kwetu, ila kapakwa rangi. Bibi yangu alikuwa anawaanika juani. Wewe umemvusha mpaka wa Sirari kwenye mfuko kama mgeni wa serikali, umemkalisha sebuleni, unamwashia taa. Kwa nini asiringe?

Erasto, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hazimi, akachungulia.

— Hilo ni rovu. Amekosa chumvi.

— Chumvi nimemwekea.

— Basi imezidi.

— Redio, chagua moja!

— Mwachieni mwenye ng'ombe, akasema Waitara. Huyo tunamwita Profesa wa Zizi. Hajawahi kufuga samaki, lakini hajawahi kukosa jibu. — Mnyama haachi kula hivi hivi. Kuna kitu kimemkwama. Ndama wangu alimeza mfuko wa rambo, akavimba vile vile.

— Kwenye tangi langu hakuna rambo.

— Umekagua? Samaki mkunje angali mbichi, mura. Ukichelewa anakauka na ugonjwa wake.

— Hiyo methali ni ya watoto, Waitara.

— Ya watoto? Mbona imemtaja samaki?

Redio akashusha sauti, akaangalia nyuma kana kwamba barabara nzima inamsikiliza.

— Mimi najua. Tembo wa Serengeti wanafungwa kifaa cha kuwafuatilia shingoni, siyo? Shemeji yangu yuko kambi ya watalii kule Natta, amewaona. Sasa samaki ana shingo? Hana. Atafungiwa wapi? Mdomoni!

— Nani ahangaike kujua samaki wangu yuko wapi? Yuko sebuleni kwangu!

— Hawamtafuti yeye. Wanasikiliza wewe unasema nini.

— Watasubiri sana, akasema Karai. — Nyumba ile anayesema ni mke wake, Boke.

Wakacheka. Mimi nilikuwa namtazama samaki wangu akihema pembeni mwa ndoo, mbavu zimeanza kuonekana.

— Leteni hapa, akasema Waitara, akikunja mikono ya shati. — Ndama akikataa dawa unapenyeza kidole ubavuni mwa taya, anafungua mwenyewe. Unatoa kilichokwama, kazi imeisha.

— Utamuua!

— Asipokula ndiyo atapona? Mficha uchi hazai, Visa.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angefunika ndoo aende kwake. Lakini nimevuka mipaka mingi bila kujifunza kurudi nyuma. Nikamshikia ndoo.

Waitara akalowesha mkono, akamshika kwa upole wa kushangaza, akapenyeza kijiti cha kiberiti. Mdomo ukafunguka. Kikatoka kitu mfano wa mbegu ya tikiti, chenye macho mawili. Kikafuata kingine. Kisha wakamwagika kundi zima.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amewabeba wanawe mdomoni, akijinyima chakula asije akawameza.

— Si nilisema kuna kitu mdomoni? akasema Redio.

— Tumemzalisha! Waitara akang'aa uso. — Na kondo salama!

— Salama wapi? nikafoka. — Hebu angalieni!

Walikuwa hawajakomaa. Kila mmoja bado alikuwa na kiini cha yai tumboni, mzigo uliomzidi, hawezi kuogelea. Walilala chini ya ndoo wakitetemesha mikia. Nikiwatia kwenye tangi, samaki wengine watawameza kabla sijafunga mfuniko. Hata Karai alivua kofia.

Boke akatokea upande wa sokoni, kapu mkononi. Mwanamke huyu hajawahi kuwaita samaki wale jina lingine ila wake wenza.

— Baba Gloria, mbona mmeinamia ndoo hivyo? Kuna msiba?

Akachungulia.

— Ni watoto?

— Ni watoto.

— Walikuwa wapi?

— Mdomoni mwa mama yao. Tumewatoa sisi.

Akaweka kapu chini, akachuchumaa kando ya ndoo. Kisha akainua uso, akatuuliza wote, taratibu, bila hasira:

— Sasa wanarudije?

Waitara akakitazama kijiti chake. Redio akazima. Ndani ya ndoo, mama mtu alikuwa akiwazunguka wanawe, mdomo wazi, mtupu.