Casimir Kasongo na Mkono Ulioshika Kamba

Marehemu Casimir Kasongo alizaliwa Mwadingusha tarehe 4 Machi 1938, mtoto wa pili wa mvuvi Benoît na mama Georgette. Alisoma kwa mapadri hapa Likasi, wakati huo Jadotville, akajifunza ufundi wa kuyeyusha madini. Mwaka 1972, majina ya ubatizo yalipokatazwa, karatasi zake zilimwita Kasongo Mwepu. Nyumbani alibaki Casimir, na atakayebisha aje abishane na dada zake.

Kazi yake ilikuwa kutia vichwa kwenye kamba za chuma za kunyanyulia mizigo, katika karakana ndogo ya mtaani. Ncha ya kamba hufumuliwa, nyuzi zikatawanyika kama ufagio, zikaoshwa kwa asidi, zikaingizwa katika kikombe cha chuma, kisha zinki iliyoyeyuka ikamiminwa humo. Nyuzi zikiwa safi, zinki huzishika. Zikiwa na mafuta, huzizunguka tu, na kwa macho hutajua. Kwa hiyo walikuwa na desturi: atakayefanya kazi chini ya mzigo huja kuisalimia kamba kabla ya zinki, kwa mdomo tu, mikono nyuma.

Agosti 1969 alikuja rafiki yake Stanislas, ametoka kula. Akacheka, akazishika nyuzi.

"Kamba, miye njo nitakuwa chini yako. Unibebe muzuri."

Casimir aliona mkono ule unang'aa mafuta ya ngazi, yale mawese ya chakula. Lakini zinki ilikuwa tayari, na kuosha tena ni kuanza upya. Akamimina.

Wiki ile ile, wakinyanyua pampu kando ya Lufira, ufagio wote ulichomoka kwenye zinki. Hakuna hata uzi mmoja uliokatika. Stanislas alikuwa chini. Wakubwa walisema mzigo ulizidi, na Casimir akanyamaza.

Alifunga ndoa na Mélanie tarehe 12 Juni 1971. Kabla ya kumvisha pete aliomba maji anawe, padri akangoja, kanisa zima likacheka. Tangu ajali ile hakumpa mtu mkono bila kunawa, nasi tulidhani ni majivuno. Kumbe katika kila zinki iliyopoa aliuona mkono wa Stanislas.

"Eko mule," alimwambia Mélanie. "Bado anashika."

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 1982. Alipojua haponi, alitaka kitu kimoja: kumwambia Clotilde, mjane wa Stanislas. Aliogopa sana. Aprili hii tulimwita, akaja moja kwa moja kutoka jikoni kwake.

"Niliona mafuta pa mukono yake, Clotilde. Nikamwanga zinki vile vile."

Akaficha mikono chini ya shuka. Clotilde alilia, kisha akajifuta machoni kwa kitenge.

"Ile mafuta ilitoka mu nyungu yangu. Miye njo nilimupikia. Leta mukono."

Vidole vya Clotilde mwenyewe vilikuwa na mafuta. Casimir alimpa mkono, hakunawa.

Alifariki Jumatatu, 14 Mei 1984, akiwa ameomba haya yasomwe mbele yenu. Anaacha mjane wake Mélanie, watoto Émérence na Firmin, dada zake, na Clotilde, aliyekaa hapa mbele pamoja nasi. Mungu amlaze pema. Na wewe Stanislas, mpe mkono.