Dakta Mizobuchi Anarudi Kwao

Jumanne ya tarehe 31 Machi, akishamaliza kliniki yake ya asubuhi, Dakta Itsue Mizobuchi wa Idara ya Uzazi na Magonjwa ya Wanawake atastaafu rasmi. Ameitumikia Hospitali ya Wanawake ya Hoshigamori kwa miaka thelathini na minane, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameiongoza ofisi yetu ya utafiti. Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike wasifu wake "kwa heshima na kwa ufupi". Heshima ipo tele. Ufupi tutaona.

Alifika hapa Nagoya akitokea kwao Uwajima na sanduku moja la nguo na mawili ya machungwa. Machungwa yalitoka shambani kwa mama yake, Bibi Shigeko, na tangu hapo kila Desemba masanduku yameendelea kuja bila kukosa. Wapo wanafunzi wa udaktari waliopita kwetu ambao hawakumbuki hata jina la mkurugenzi wa wakati wao, lakini ukiwakuta leo popote watakuuliza kama machungwa ya Dakta Mizobuchi bado yanakuja.

Wanaomjua wanajua mwendo wake. Anatembea kama mtu anayekimbilia treni, na sisi wengine tumezeeka tukimfuata nyuma nyuma. Anasahau miavuli, na ile miwili mitatu iliyopo mlangoni pa maabara ni yake, jamani, mwambieni aichukue. Kwenye sherehe za kufunga mwaka huimba kwa moyo wote bila kupatia sauti hata kidogo. Akimpima mama kwa mashine ya picha humsemesha mtoto aliye tumboni kwa lafudhi ya kwao: "Wee, geuka basi, mbona unatupa mgongo? Umenuna?" Nimeona akina mama walioingia pale wakitetemeka wakatoka wanacheka.

Amezalisha watoto wengi kiasi kwamba baadhi yao wamerudi kwake wakiwa na mimba zao wenyewe. Amefundisha madaktari na wakunga, nami nikiwemo. Amefanya utafiti juu ya kutokwa na damu baada ya kujifungua na juu ya kisukari cha mimba. Yote hayo yameandikwa kwenye majarida ya kitaaluma, na mwenye usingizi wa shida anaweza kuyasoma huko. Mimi nataka kusimulia utafiti mmoja tu, kwa sababu ndio uliobadilisha kazi ya wodi yetu, na kwa sababu nilikuwepo.

Wakati ule, mjamzito aliyepata dalili za uchungu kabla ya wakati alilazwa, akatundikiwa dripu ya kutuliza tumbo la uzazi, na hakushuka kitandani mpaka mimba ikaribie kukomaa. Hata mwezi mmoja na nusu, hata miwili. Mikono ilitetemeka na moyo ulienda mbio kwa dawa. Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo tulivyofanya, na watoto wengi walizaliwa salama, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na neno.

Mwenye neno alikuwa Bi. Chizuru Iwamuro, mwenye duka la tambi karibu na stesheni. Alilazwa wiki saba na mimba yake ya pili. Watoto wadogo hawakuruhusiwa wodini, kwa hiyo kila jioni mumewe alimleta binti yao, Kanae, mwenye miaka minne, akasimama chini kwenye maegesho na mwavuli wa njano ili mama yake amwone dirishani. Siku nyingine hakuna hata mvua, lakini mwavuli ulifunguliwa vilevile.

Asubuhi moja tukiwa kwenye mzunguko wa kuona wagonjwa Bi. Chizuru akamsimamisha Dakta.

"Dakta, hii dripu ni lazima?"

"Ndivyo tunavyofanya, Bi. Iwamuro."

"Sikukuuliza mnavyofanya. Nimeuliza kama ni lazima."

Mimi nilijifanya narekebisha shuka. Dakta Mizobuchi, ambaye hakosi jibu, alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo madaktari wetu hawakulifanya siku hizo.

"Sijui," akasema. "Siku mbili za mwanzo zina faida, hilo najua. Hizi wiki zote baada ya hapo, sijui. Nitatafuta jibu, na nikilipata utakuwa wa kwanza kuambiwa."

"Wa kwanza?"

"Wa kwanza."

Bi. Chizuru alijifungua mvulana mnene, mimba ikiwa imetimia. Wodi nzima tukasema dripu imefanya kazi. Dakta alisema tu kwamba mtoto ni mzuri.

Ilichukua muda kupata kibali, lakini akakipata. Akina mama waliokubali kushiriki walipangwa kwa kura: nusu waendelee na dripu ndefu kama kawaida, nusu wapewe siku mbili tu, na tumbo likitulia waende nyumbani. Kisha tungelinganisha watoto walizaliwa lini na wakiwa na hali gani. Mpango ulipitiwa na kamati ya maprofesa, wakasifu kila ukurasa. Sote tulijiona tuna akili sana.

Mwaka wa pili mtakwimu wetu, Bwana Hirayasu, aliingia ofisini na uso wa msiba. Alikuwa amegundua kwamba karibu theluthi moja ya akina mama wa dripu fupi hawakuwa na matokeo yoyote. Walitoka hospitali wakipunga mikono, na hawakurudi kujifungulia kwetu. Wa dripu ndefu wote walikuwepo, maana wangekwenda wapi na mrija mkononi?

"Kapu letu limetoboka upande mmoja," akasema. "Mkiliacha hivi hakuna atakayeliamini. Nami nitakuwa wa kwanza kutoliamini."

Tulibuni sababu za kila aina. Labda wamehama. Labda wametuchoka. Labda watoto walizaliwa mapema mno na wenyewe wana hasira nasi, na hilo ndilo lililomnyima Dakta raha, kwa sababu kama ni kweli, basi dripu fupi ilikuwa imewadhuru, na yeye ndiye aliyeileta. Wiki ile hakumsemesha mtoto yeyote tumboni.

Katikati ya mkanganyiko huo sanduku la machungwa likafika, na Bibi Shigeko akapiga simu kuuliza kama limefika salama. Dakta aliweka simu mezani kwa sauti ya wazi huku akimenya chungwa, akamweleza mama yake msiba wote.

"Hao wanawake umri wao gani?" akauliza Bibi Shigeko.

"Wa kuzaa, mama. Wajawazito."

"Na wewe ulipokuwa na mimba ya mwanao, ulizalia wapi?"

Dakta aliacha kumenya.

"Kwako, mama."

"Ulikuja na tumbo lako kubwa, ukala chakula changu mpaka mtoto akatimiza mwezi. Yule daktari wako wa Nagoya alijua umezaa nini?"

"Hapana."

"Basi! Wako kwa mama zao, unataka wawe wapi? Halafu eti umesoma. Anza na machungwa yaliyo chini, yameiva zaidi."

Naapa sijawahi kuona watu wazima wakitazamana vile. Kila mwanamke katika ofisi ile mwenye mtoto alikuwa amerudi kwao kujifungua. Mke wa Bwana Hirayasu wakati huohuo alikuwa kwa mama yake, mkoani Akita. Kamati ya maprofesa yote ilizaliwa kwa bibi zao. Na katika mpango mzima hakuna mmoja wetu aliyekumbuka kuandika kwamba mwanamke wa Kijapani, mimba ikikaribia, hufunga virago na kwenda kwa mama yake. Hatukulisahau kwa kutolijua. Lilikuwa la kawaida mno hata hatukuliona.

Kazi ya kuwatafuta ikaanza. Waliokwisha kurudi mjini tuliwapata bila shida; kazi ilikuwa kwa waliokuwa bado kwa mama zao. Simu za mkononi hazikupokelewa, kwa sababu bibi wa watoto walizificha: kwa mila yetu mama aliyetoka kujifungua haruhusiwi kuchosha macho. Simu za nyumbani, ambazo namba zake tulipewa na waume waliobaki mjini, zilipokelewa na bibi wenyewe, na huo ulikuwa wakati ambapo matapeli wa simu walikuwa wameenea nchi nzima, wakijifanya wajukuu, polisi, madaktari. Dakta alipojitambulisha kwa upole wake wote, "Habari za asubuhi mama, mimi ni dakta wa binti yako," majibu yalikuwa ya namna hii:

"Nawe ni dakta? Jana alipiga wakili. Tafuta kazi, mwanangu!"

Na simu chini.

Basi tukaenda wenyewe. Siku zetu za mapumziko tulipanda treni, mimi na yeye, tukiwa na sanduku la vitumbua vya maharage matamu vya Nagoya, kwa kuwa mtu haendi nyumba ya watu mikono mitupu. Tulikwenda milimani na mabondeni, stesheni ambazo hazina hata mtu wa kukata tiketi. Katika milima ya Shimane ndiko tulikokutana na bibi mmoja aliyetuhoji kupitia mlango uliofunguliwa upana wa pua.

"Kama kweli wewe ni dakta wake, niambie mwanangu anaogopa nini."

"Sindano," akasema Dakta.

"Sindano kila mtu anaogopa. Hata tapeli."

"Anaogopa sindano," Dakta akasema, "lakini alisema mama yake akikasirika ni afadhali sindano."

Mlango ukafunguliwa wote, na kicheko kikatoka ndani, cha mama na cha binti. Tulilishwa wali mwekundu wa maharage mpaka nikafungua kifungo cha sketi. Mtoto alikuwa amezaliwa kwa wakati wake, mzito, mwenye sauti kuliko bibi yake. Dakta alimbeba muda mrefu kuliko utafiti ulivyohitaji.

Tulipata karibu wote. Wachache watoto wao walizaliwa mapema, kama ilivyotokea kwa wachache wa dripu ndefu. Bwana Hirayasu alipomaliza hesabu alikuja ofisini mwenyewe, akasimama, akasema makundi mawili hayana tofauti: watoto walizaliwa wakati uleule, na afya zilezile. Tofauti pekee ilikuwa kwamba mama wa dripu fupi hawakutetemeka na walilala nyumbani kwao. Tulipiga makofi. Dakta alichukua koti lake, akanishika mkono, akasema twende stesheni.

Duka la Bi. Chizuru lilikuwa tupu saa ile. Alikuwa anakata vitunguu vya majani.

"Nilikuahidi," Dakta akasema. "Kwako wewe mmoja siwezi kuapa. Lakini kwa wengi walio kama wewe, siku mbili zilitosha. Zile wiki nyingine hazikuongeza kitu."

Bi. Chizuru aliendelea kukata, kisha akaweka kisu.

"Kanae alijifunza kufunga kamba za viatu mimi nikiwa kule juu," akasema. "Alinionyesha kwa mbali. Sikuona vizuri."

Dakta aliinamisha kichwa, akabaki hivyo. Nami nilitamani sakafu inimeze.

"Na sasa? Bado mnawalaza wengine?"

"Kwetu, kuanzia mwezi huu, hapana."

"Mwenyewe umekuja kuniambia. Ungeweza kunyamaza, nisingejua." Akavuta pumzi. "Haya kaeni. Mtakula."

Alituwekea tambi nene za miso, mchuzi wa soya iliyochachushwa, zikichemka ndani ya chungu. Dakta Mizobuchi alilia juu ya chungu kile wazi wazi, na alipoulizwa akasingizia pilipili. Hakukuwa na pilipili.

Wodi ya dripu ndefu ilipungua mpaka vitanda vikatolewa. Ndiyo maana wauguzi wetu vijana hawajui kwa nini chumba kinachotazama maegesho sasa ni cha kuchezea watoto. Na katika kila utafiti wa ofisi yetu, mpaka leo, swali la kwanza kwa mshiriki ni: "Kwenu ni wapi, na mama yako anaitwa nani?" Dakta aliliweka yeye. Hairuhusiwi ofisini kwetu kuandika kwamba mama fulani "amepotea". Aliyerudi kwao hajapotea.

Majira ya baridi haya alikuja kliniki mwanamke mwenye dalili za uchungu kabla ya wakati. Alikuwa Kanae. Alipewa siku zake mbili, tumbo likatulia, akaenda kwa mama yake, juu ya duka la tambi. Wiki iliyopita muda wake ulipotimia na kupita, Dakta alisema simu hii ataipiga mwenyewe. Tulimzunguka sote.

"Habari za asubuhi mama, mimi ni dakta wa binti yako."

"Dakta?" ikajibu sauti ya Bi. Chizuru. "Siku hizi matapeli wamejaa. Binti yangu hashiki simu, anapumzisha macho." Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Ni msichana, Dakta. Juzi. Wakati wake kabisa. Na mama yake hajalala huko kwenu hata siku ya tatu."

Dakta aliandika matokeo hayo kwa mkono wake. Ndiyo ya mwisho aliyoandika hapa.

Sasa ni zamu yake. Bibi Shigeko ana miaka tisini na mmoja, bado anapogoa michungwa, na amesema wazi kwamba ngazi hapandi tena kama hana wa kuishika. Kwa hiyo Dakta amefunga virago, anarudi kwa mama yake.

Dakta Mizobuchi, kwa niaba ya wakunga, wauguzi, madaktari, Bwana Hirayasu na akina mama wote waliolala nyumbani kwao, asante. Uishi vizuri huko, ule uliyoyakosa, upumzike bila saa. Namba ya nyumbani kwenu tunayo, na jina la mama yako tunalijua. Tutapiga. Bibi akitukatia simu akidhani sisi ni matapeli, tutapanda treni na vitumbua vyetu.

Yoshino Kasamatsu, mkunga, Ofisi ya Utafiti